Blanketi la kuzuia joto kwenye bomba la mvuke na ekzosi

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni fundi katika kiwanda kidogo cha kukamulia mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) huku Pemba. Valvu za mvuke na ekzosi ya jenereta tulizifunika kwa sufi ya kioo. Ile ya ekzosi ilifuka moshi siku za mwanzo na sasa inamwagika unga, na ile ya valvu imerowa na kulegea. Muuzaji ananishauri ninunue kitambaa cha roketi, kinachostahimili digrii 1,000. Je, ndiyo dawa? (Fundi, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Hayo ni maradhi mawili, na kitambaa hicho hakitibu hata moja kikiwa peke yake.

Tuanze na ekzosi. Sufi ya kawaida hushikanishwa kwa gundi, na gundi hiyo huungua joto linapopindukia kiasi cha digrii 250 za Selsiasi, ilhali bomba la ekzosi hufika 400 na zaidi. Moshi uliouona ni gundi iliyokuwa ikiondoka. Nyuzi zilibaki nzima lakini bila cha kuzishika, na mtikisiko wa jenereta ukazisaga. Tafuta mkeka wa nyuzi za kioo uliodungwa kwa sindano, ambao nyuzi zake zimesokotana zenyewe bila gundi. Upande unaogusa chuma weka kitambaa cha silika, yaani nyuzi za madini yaleyale ya mchanga, na hapo ndipo zile digrii 1,000 za muuzaji zina kazi, kwa kipande kidogo tu.

Sasa valvu. Mvuke wa presha ya bar 7, kwa mfano, una joto la digrii 170 hivi tu, kwa hiyo hapa adui si joto bali ni maji, pamoja na mikono ya mafundi wanaofungua na kufunga kila mara. Shona koti la kuvulika: ndani kitambaa cha kioo, katikati mkeka uleule, nje kitambaa cha kioo kilichopakwa silikoni, aina ya mpira usiopitisha maji. Silikoni haivumilii zaidi ya digrii 260 hivi, basi upande uliopakwa usielekee kwenye bomba. Funga kwa vishikizo na waya wa chuma kisichoshika kutu, mshono uelekee chini, na uache tundu dogo la kuchuruzia maji. Mkeka uliorowa hupitisha joto kwa wingi, na chumvi ya hewa yetu ya pwani ikinasa chini yake huila chuma bila mtu kuona. Hata chuma kisichoshika kutu huweza kupasuka kwa chumvi kikikaa na unyevu kwenye joto la zaidi ya digrii 60.

Ama hiyo roketi ya muuzaji, hata watu wa vyombo vya anga walihangaika na maji. Vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikienda angani na kurudi vilivishwa mablanketi ya nyuzi za silika yaliyoshonwa kwa uzi wa silika, kwa sehemu zenye joto la hadi digrii 650 hivi, na kila baada ya safari yalitiwa upya dawa ya kuzuia maji kwa kuwa joto lilikuwa limeiunguza. Sehemu zenye joto dogo ziliwekewa namna nyingine ya mkeka, mwepesi zaidi.

Mkeka wa erojeli, kitu chepesi mno chenye vitundu vidogo sana vilivyojaa hewa, huzuia joto sawa na mkeka wa kioo kwa karibu nusu ya unene wake, lakini bei yake ni kubwa. Mimi ningeuweka pale tu ambapo bomba limebanana na ukuta.

Kabla ya kubandua chochote, angalia kama chini ya sufi hiyo kuna kitambaa au kamba ya zamani ya rangi ya kijivujivu. Ikiwa ni asibesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika zamani kuzuia joto, usiikwangue wala kuifagia ikiwa kavu, kwani vumbi lake husababisha saratani. Iache kama ilivyo mpaka aje mtu mwenye vifaa na ujuzi wa kuiondoa.