Wilaya ya Damascus: ni wilaya au mkoa?

SWALI: Nafundisha historia sekondari hapa Tanga. Ninawatafsiria wanafunzi wangu barua ambazo Waingereza walimwandikia Sharifu Hussein wa Makka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Pale panapotajwa Damascus, Homs, Hama na Aleppo mimi nimeandika "wilaya". Mwenzangu ameikata kwa kalamu nyekundu, anasema kwa Waturuki wilaya ilikuwa mkoa, kwa hiyo niandike "mikoa". Nani kati yetu yuko sahihi? Na la pili: ile barua ya Waingereza ya mwaka 1917 kuhusu makao ya Wayahudi katika Palestina, tuiite Azimio, Tamko au Ahadi ya Balfour?

JIBU: Mwalimu, rudisha "wilaya" yako. Mwenzako ana hoja, lakini akiandika "mikoa" atakuwa ameamua kesi ambayo Waingereza na Waarabu waliibishania kwa miaka mingi, tena ameiamua kwa upande mmoja.

Tuanze na barua yenyewe. Ni ya tarehe 24 Oktoba 1915. Sir Henry McMahon, Kamishna Mkuu wa Uingereza mjini Cairo, anamjibu Sharifu Hussein bin Ali. Waingereza wanataka Sharifu aasi dhidi ya dola ya Uthmaniya, yaani dola ya Waturuki iliyotawala nchi hizo, naye anataka kwanza ajue Waarabu watabaki na nchi gani vita vikiisha. McMahon anaukubali uhuru wa Waarabu ndani ya mipaka aliyoitaja Sharifu, ila anatoa vipande. Kimojawapo ni "sehemu za Syria zilizo magharibi ya wilaya za Damascus, Homs, Hama na Aleppo". Barua ilimfikia Sharifu kwa Kiarabu, na neno lililokuwa mle ni wilayat, wingi wa wilaya. Ni neno letu hilihili.

Sasa fungua ramani mbele ya wanafunzi. Miji hiyo minne imepangana kama shanga, Damascus kusini, Aleppo kaskazini. Ukilichukua wilaya kwa maana ya mji na viunga vyake, magharibi utakuta Lebanon na pwani ya Syria: Beirut, Tripoli, Latakia. Jerusalem haimo. Iko chini kabisa, kusini-magharibi ya Damascus. Kwa usomaji huo Palestina haikutolewa, basi imo katika nchi walizoahidiwa Waarabu.

Lakini katika utawala wa Kituruki wilaya ilikuwa pia jina la jimbo zima, lenye gavana wake. Jimbo la Syria, ambalo makao yake makuu yalikuwa Damascus, lilishuka mashariki ya mto Jordan hadi kufika Aqaba. Ukisema "magharibi ya jimbo la Damascus", umeigusa Palestina yote. Hivyo ndivyo serikali ya Uingereza ilivyoshikilia katika waraka wake wa mwaka 1922, Winston Churchill akiwa Waziri wa Makoloni: kwamba Palestina yote iliyo magharibi ya Jordan ilikuwa imetolewa tangu mwanzo. McMahon mwenyewe alikuja kuandika katika gazeti la The Times mwaka 1937 kwamba hakukusudia kuiahidi. Waarabu walijibu kwa kuonyesha barua: hilo silo lililoandikwa.

Mimi, kwa upande wa lugha, naona Waarabu wana nguvu zaidi, na sababu ni Homs na Hama. Aleppo lilikuwa jimbo kweli. Hama haikuwa jimbo. Ilikuwa sanjak, yaani sehemu ndani ya jimbo lilelile la Syria. Homs ilikuwa ngazi ya chini zaidi, iliyoitwa kaza, ndani ya Hama. Mwenzako akiandika "mikoa ya Damascus, Homs, Hama na Aleppo", ni sawa na mtu kuandika "mikoa ya Tanga, Muheza na Amani", wakati Muheza ni wilaya ndani ya Tanga na Amani ni tarafa ndani ya Muheza. Hakuna mtu wa Tanga atakayeisoma sentensi hiyo asishtuke. Neno moja lililobeba miji yote minne kwa pamoja haliwezi kuwa na maana ya jimbo kwa mmoja na kuikosa kwa mwingine.

Kwa nini basi neno hili linateleza? Shina lake ni lile lililotupa liwali. Liwali ni al-wali ya Kiarabu, na wilaya ni pale mkono wa wali unapofika. Neno halisemi ukubwa. Watu wa pwani walimjua liwali wa Mombasa, liwali wa Malindi, liwali wa Lamu, na eneo la kila mmoja lilikuwa mji na pande zake. Gavana wa Kituruki naye aliitwa wali, na eneo lake lilikuwa kubwa mara nyingi zaidi. Hadi leo wilaya ya Oman ni ndogo, iko chini ya mkoa kama yetu, ilhali wilaya ya Algeria ndiyo ngazi ya juu kabisa chini ya taifa. Kiswahili cha serikali kililifunga neno kati ya mkoa na tarafa, nasi tumelizoea hivyo hata tunasahau kwamba ni sisi tuliolifunga.

Kwa hiyo katika tafsiri ya barua andika wilaya kwa herufi za mlazo, halafu chini yake weka sentensi moja: "Neno hili ndilo lililokuwa katika barua ya Kiarabu, laweza kuwa jimbo, laweza kuwa mji na viunga vyake." Wanafunzi wabishane. Katika maelezo yako mwenyewe, nje ya barua, tumia "jimbo" kwa majimbo ya Kituruki na "mji" kwa miji. "Mkoa" usiutumie popote.

La Balfour ni fupi zaidi. Azimio ni uamuzi wa kikao. Ndiyo maana tuna Azimio la Arusha, lililopitishwa na viongozi wa TANU wakiwa wamekaa. Kilichotoka tarehe 2 Novemba 1917 ni barua ya Arthur Balfour, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, kwa Lord Rothschild, kiongozi miongoni mwa Wayahudi wa Uingereza. Baraza la vita la Uingereza liliiridhia, lakini kilichotolewa hadharani ni kauli. Mimi nasema Tamko. Waarabu husema wa'd, yaani ahadi, na ukiwa unaeleza wanavyoiona wao, andika Ahadi bila wasiwasi. Ila ujue Mswahili akisikia ahadi, deni linamjia papo hapo kichwani, kwa hiyo usilitumie kama jina tu.

Kuna kosa jingine ambalo hukuniuliza, nami naliona kila mara katika madaftari ya wanafunzi: "Tamko la kuifanya Palestina kuwa taifa la Wayahudi". Mambo mawili yamepotoka hapo. Barua haikusema taifa, ilisema makao ya kitaifa, maneno yaliyochaguliwa makusudi kwa kuwa hayakuwa na maana iliyozoeleka katika sheria. La pili ni zito zaidi. Rasimu ambayo viongozi wa Kizayuni, yaani wa harakati ya kuwapatia Wayahudi makao yao, waliipeleka Julai 1917 ilitaka Palestina yenyewe ifanywe makao hayo. Baraza halikuipitisha hivyo. Barua ya mwisho ilisema makao hayo yaanzishwe katika Palestina. Mwanafunzi anayeandika "kuifanya Palestina" amerudisha rasimu iliyokataliwa. Mwandikishe hivi: "kuanzishwa katika Palestina kwa makao ya kitaifa ya Wayahudi", na neno "katika" alipigie mstari.