Viza ya mpenzi wangu inaisha, sijui niolewe au nijaze fomu

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 31, niko na mwenzangu mwaka na miezi minne sasa. Yeye ni mgeni, alikuja kwa viza ya kazi na kazini wamemwambia mkataba hauongezwi, zimebaki wiki 11. Juzi tumekaa mezani akafungua laptopu akaniambia njia rahisi ni tufunge ndoa, alafu akaanza kunisomea mahitaji. Nampenda, mama yake tunaongea kwa simu kila wiki, ila usiku ule sikulala. Kaka yangu anasema natumiwa. Nikikataa nampoteza, nikikubali sijui nimeolewa au nimejaza fomu."

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma asubuhi nikairudia jioni, na kila nikifika hayo maneno ya mwisho nasimama. Kaka yako ndo kakutia wasiwasi lakini hujaniandikia kwa sababu ya kaka yako, umeniandikia kwa sababu mtu unayempenda amekutajia ndoa bila kukuomba uolewe naye. Umeumia, na una haki ya kuumia. Yeye naye anaogopa, mtu akiona tarehe ya kufukuzwa inakuja anakimbilia makaratasi manake makaratasi angalau yana maelekezo, kumwambia mtu "naomba uishi na mimi" hakuna pa kusoma. Mimi kwa ulivyoandika simuoni tapeli. Anayetafuta karatasi tu kwa kawaida hakupeleki kwa mama yake na hakai mwaka na zaidi bila kuligusia hilo neno. Kaka yako mshukuru kwa kukujali, lakini aliyeishi na huyo mtu ni wewe.

Sasa kuna kitu naona hamjakielewa wote wawili na ndo kitakachowaumiza. Cheti cha ndoa sio kibali cha kukaa. Watu wengi sana wanadhani ukishasaini mbele ya msajili basi mwenzako kapona, hapana, ndoa inakupa haki ya kuomba tu, na maombi yana muda wake na pesa yake na masharti yake na yanaweza kukataliwa. Na hata kuifunga yenyewe sio kesho, Uingereza kwa mfano mnatakiwa kutoa taarifa siku 28 kabla na uhamiaji wakiamua kuwachunguza inakuwa siku 70, yani wiki 10 kamili, wewe umebakiwa na 11. Hapo hapo wanaangalia kipato, tangu Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka kwa wanaoomba upya. Kila nchi ina yake, ndo maana nataka muone wakili wa uhamiaji wiki hii hii hata kama bado hujaamua kitu, wakili mwenye leseni sio rafiki wa rafiki aliyewahi kufanikiwa.

Na mkiwa kwa huyo wakili muulizeni ni milango gani mingine ipo kabla ya ndoa, manake inawezekana hii presha yote mnajibebesha bure. Mwajiri mwingine je? Masomo? Na kuna nchi zinamtambua mwenza ambaye hamjaoana, Kanada wanataka muwe mmeishi pamoja miezi 12 mfululizo, Australia mahusiano ya miezi 12, Uingereza miaka 2. Ikishindikana kabisa aondoke kabla tarehe haijafika arudi kwao, mmalizie maombi yeye akiwa nje, zipo viza za wachumba kwa ajili hiyo hiyo. Najua mkiachana airport moyo utapasuka. Lakini aliyeondoka kwa wakati amebaki na rekodi safi, aliyejificha anaweza kuharibu miaka, Marekani ukizidisha siku 180 ukatoka hurudi kwa miaka 3, ukizidisha mwaka mzima ni 10. Usikubali kusikia "tutaona hapo mbele".

Umeniuliza pia, ingawa kwa kuzunguka, kama ni kosa kuolewa kwa sababu viza inaisha. Sio kosa. Watu wawili wanaopendana kwa kweli wakiamua kuharakisha ndoa waliyokuwa wanaielekea hawajamdanganya mtu. Kosa ni ndoa ya karatasi, ya watu wasio na nia ya kuishi pamoja, na hiyo Marekani ni jela mpaka miaka 5 na faini mpaka dola 250,000. Kwa hiyo msimdanganye ofisa hata kwa kitu kidogo, msijitungie tarehe mlizokutana, wekeni picha zenu na meseji na mkataba wa nyumba kama mna jina la wote wawili.

Ila mwanangu kuna jambo ambalo wakili hatakwambia na mimi nitakwambia kwa sababu lilikuwa nyumbani kwangu. Mimi niliolewa na mgeni, na sisi tuliharakisha kwa ajili ya tarehe, na tulipendana kweli. Mwaka wa kwanza tukigombana tunagombana kama watu. Mwaka wa pili siku moja tumegombana juu ya pesa nikamwambia bila mimi ungesharudishwa kwenu. Nilitamka tu kwa hasira. Yule mtu hakunijibu, na kuanzia siku ile nikikosea alinyamaza, akawa ananiomba ruhusa ya vitu ambavyo mume haombi ruhusa, nikawa kama nakaa na mpangaji. Ilituchukua miaka kurudi tulipokuwa, na mpaka leo yale maneno nayajutia kuliko kitu chochote nilichowahi kumwambia.

Hilo ndo naliogopa kwenu kuliko kutumiwa. Mtu mmoja akishakuwa na sahihi ambayo maisha ya mwenzake yanaitegemea, ile sahihi inaingia ndani ya kila ugomvi mpaka wa vyombo. Na mara nyingi sio ya siku moja, Marekani ndoa ikiwa haijafika miaka 2 anapewa kadi ya ukaazi ya miaka 2 yenye masharti na kuyaondoa kwa kawaida mnaomba wote wawili, na ile ahadi ya kumtunza kwa pesa unayosaini wewe hata talaka haiifuti. Kwa hiyo soma unachosaini kabla hujasaini. Na yeye ajue haki zake akiwa peke yake, ndoa ikivunjika au wewe ukimtesa anaruhusiwa kuomba nini, muulizeni wakili mkiwa wote mmekaa pale, usione ni tusi. Ukijua anaweza kubaki bila wewe, na bado anabaki na wewe, utalala vizuri.

Leo jioni mwambie afunge laptopu. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwamba ulitaka kuombwa. Alafu muulize, kama wangekuongezea mkataba miaka mitatu ungenitaka lini? Usimsaidie kujibu. Na wewe jiulize maombi yakikataliwa utamfuata kwao? Akisema mwakani, wewe ukasema nitamfuata, basi ndoa mlikuwa nayo tayari, mmeisogeza tu. Akibabaika, au wewe ukigundua unamtaka hapa lakini sio kwao, msiende kwa msajili, mpelekeni wakili swali la mwajiri mwingine na la kusubiriana. Niandikie akishajibu, hata kama ni mstari mmoja.

Shangazi