Dada wa Njiro, Arusha, jino linalomwamsha mtoto usiku usilivike kofia bila picha ya eksirei

Dada, simama hapo hapo. Umeandika mistari mingi kuhusu magego matatu ya binti yako yaliyotoboka: bei ya kofia, rangi, bima, na kama mtoto atachekwa shuleni, halafu katikati umepitisha maneno machache kama si kitu: "usiku mwingine anaamka analia, nampa Panadol anatulia." Na Jumamosi unataka kumpeleka akavikwe kofia ya chuma ya kufunika jino, ile isiyo na sindano wala kuchonga, kwa sababu ana miaka mitano na anaogopa. Nimesoma hapo mwili ukasisimka. Mimi nilifanya hivyo hivyo, mwaka juzi, hapa Moshi.

Kijana wangu alikuwa anakaribia miaka sita. Gego la utoto la chini kushoto, lile la nyuma, lilikuwa na shimo ambalo ukimulika kwa tochi ya simu unaona chini pamekuwa kahawia na laini. Mwezi wa tatu alikuwa akila kashata analalamika, akisukutua maji anasahau. Mwezi wa tano akaanza kuamka saa nane usiku ameshika shavu. Kijiko cha dawa ya maji ya maumivu, analala. Mwezi wa sita akaacha kuamka kabisa, nami nikamshukuru Mungu nikidhani limepona. Hakuna aliyeniambia kwamba jino lililokuwa linauma usiku likinyamaza ghafla, mara nyingi ni kwamba kiini chake, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa, kimekufa.

Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa lake mama mmoja akasifia hizi kofia na daktari wa meno anayezivika: dakika chache, hakuna sindano, hakuna mashine, mtoto halii. Nikaenda kwa huyo huyo aliyesifiwa. Akaniuliza, "Anaumwa?" Nikajibu, "Kidogo, akila vitamu." Zile usiku sikuzitaja. Niliogopa nikizitaja ataleta sindano, na mwanangu akiona sindano anapiga kelele mtaa mzima unasikia. Hilo ni langu, nimelibeba na bado nalibeba.

Lakini na yeye hakuuliza mara ya pili. Hakubonyeza fizi. Hakugonga jino kuona kama linauma. Nilimuuliza mwenyewe, kwa mdomo wangu, "Haihitaji picha?" Akanijibu, "Mama, hii ni njia ya kisasa, haina mambo ya picha." Sentensi hiyo naisikia mpaka leo nikiwa napanga ndizi sokoni. Ni uongo. Hakuna mahali popote njia hii inapomruhusu mtu kufunika jino asilolijua ndani. Mimi sijasomea meno, natakiwa kujua nini? Aliyevaa koti jeupe ndiye anatakiwa kunibana na maswali mpaka niseme, maana wazazi wote tunaoogopa sindano tunapunguza maneno. Anatuona kila siku!

Ilichukua kama dakika saba. Kijana akatoka anachekelea, kwenye daladala anamfungulia kila abiria mdomo aone jino lake la roboti. Nikarudi kwenye kundi nikasifia na mimi. Wamama wawili wakaenda kwa sababu ya maneno yangu.

Wiki ya tano, Jumapili asubuhi, nikamkuta amekaa kitandani kainamisha kichwa upande mmoja. Shavu limejaa mpaka jicho linafinyika, ngozi inang'aa kama embe lililoiva. Nikagusa, moto. Mdomo haufunguki hata kijiko cha mtori kipite, mate yanamtoka tu. Tulilazwa usiku tatu. Mtoto niliyemkwepesha sindano moja ya fizi alitobolewa mkono mara nne kutafuta mshipa wa kupitishia dawa.

Uvimbe uliposhuka wakaling'oa. Nililiona kwenye kisahani cha chuma. Kofia ilikuwa inang'aa, imekaa vizuri, simenti haijaachia hata kidogo. Kofia haikuwa na kosa lolote. Chini yake mizizi imelika, na harufu yake sitaisahau.

Daktari aliyetupokea alinichorea nyuma ya kadi ya kliniki. Kofia ya chuma ikikaa vizuri juu ya jino ambalo kiini chake bado ni kizima, wale wadudu wanaotoboa wanafungiwa ndani bila sukari, wanakosa chakula, kutoboka kunasimama. Ndiyo siri yote ya njia ya kutochonga. Inaitwa njia ya Hall, kwa jina la daktari wa meno wa Uskoti, Norna Hall, aliyekuwa akiwafanyia watoto hivyo tangu miaka ya 1980. Lakini kama kiini kimeshaoza, umeufungia usaha ndani ya chungu na kuweka kifuniko cha chuma. Usaha huo lazima utafute pa kutokea, na kwa magego ya utoto unaanza kula mfupa pale katikati ya mizizi. Kwenye picha ya eksirei panaonekana hapo, kivuli cheusi. Na kama jino bado ni zima, picha inaonyesha ukanda safi wa jino kati ya shimo na kiini. Ukanda upo, funika. Haupo, acha. Picha moja ndogo.

Tena kuna wanaotumia utafiti kukutuliza. Upo kweli, wa Uskoti, watoto 132, kila mtoto jino moja likavikwa kofia kwa njia ya Hall na jingine likatibiwa kama walivyozoea madaktari wao, mara nyingi kuziba. Baada ya miaka 5 kushindwa kukubwa, yaani usaha na mambo kama hayo, kulikuwa asilimia 3 kwa kofia, na asilimia 16.5 kwa upande wa pili. Ni matokeo mazuri sana. Lakini soma walichagua meno gani: yaliyotoboka bila dalili kwamba kiini kimeguswa. Jino la kijana wangu wasingelichukua. La binti yako, kwa ulivyoandika, sidhani kama wangelichukua.

Na usiniambie "ni meno ya utoto, yataondoka." Lile gego la nyuma huondoka kwenye miaka 10 mpaka 12. Kwa miaka hiyo yote ndilo linalolishikia nafasi gego la kudumu linalotoka kwenye miaka 6 nyuma yake. Likiondoka mapema, lile la kudumu linaegemea mbele linakaa pasipo pake. Sasa kijana ana waya wa kushikilia nafasi, umeshachomoka mara mbili, na kila ukichomoka ni siku nzima sijaenda sokoni.

Nakataa mtu aseme naichukia njia ya kofia bila kuchonga. Mdogo wake wa kike amevikwa, mwaka jana, na yuko salama. Jino lake lilikuwa limetoboka ubavuni, halijawahi kumwamsha, likiuma ni pale tu barafu inapogusa na linaacha papo hapo. Picha kwanza. Meno yake yalikuwa yamebanana, kwa hiyo wakamwekea vipete vidogo vya raba katikati, wakavivuta chini kwa uzi wa meno, akakaa navyo siku nne. Vinaleta hisia kama nyama imekwama, analalamika siku ya kwanza tu. Tuliporudi akakalishwa wima, si kulazwa, na kitambaa cha bandeji kikawekwa nyuma ya ulimi ili kofia ikiteleza asiimeze. Wakapima kofia mbili tatu mpaka ikapatikana ndogo kuliko zote iliyoweza kulifunika jino. Wakaijaza simenti, wakaikandamiza kwa kidole, kisha akaambiwa, "Ng'ata kwa nguvu." Niliona fizi ikibadilika kuwa nyeupe pembeni, simenti ikamwagika, akakunja uso kwa sababu ni chachu. Wakaifuta, akang'ata pamba dakika kadhaa, basi.

Jua tu kwamba kofia ikikaa juu ya jino lisilochongwa, mdomo haufungi sawasawa. Binti yangu huyo alikuwa anagusanisha jino hilo tu, mengine yakipishana kidogo. Siku mbili tatu alikula vitu laini, na ndani ya wiki chache yakajipanga yenyewe. Hilo ni la kawaida. Shavu kuvimba si la kawaida.

Njia ya kuchonga nayo si adui, dada. Inaanza na ganzi, jino linapunguzwa juu na ubavuni, uozo unatolewa, kofia inabanwa pembeni ishike. Kama kiini cha juu kimeguswa lakini mizizi ni mizima, hapo hapo wanaondoa ile sehemu ya juu, wanaweka dawa, ndipo kofia. Njia ya kutochonga haiwezi kufanya hivyo kwa sababu haifungui jino. Mtoto wa jirani yangu alifanyiwa hiyo, jino lipo mpaka leo. Shida yake moja walikuwa wameambiwa lakini hawakushika: baada ya ganzi mtoto hahisi mdomo. Walipofika nyumbani alikuwa ameutafuna mdomo wa chini kama bigijii, umekuwa donda. Kaa naye, usimpe chakula mpaka ganzi iishe.

Zile kofia nyeupe, kwa kifupi: zinatakiwa jino lichongwe zaidi kuliko hata la chuma, hazibanwi pembeni, na haziwezi kuvikwa kwa njia ya kutochonga. Anayekuahidi nyeupe bila kuchonga, ondoka.

Na mama mkwe wako anayesema meno ya mtoto yameharibiwa na maji ya Arusha tu, mheshimu, ila usimfuate kwenye hili. Ni kweli maji yetu huku kaskazini yana floridi nyingi sehemu nyingi, meno yanakuwa kahawia. Rangi ya maji haimwamshi mtoto usiku.

Leo akipiga mswaki, mkalishe mlangoni penye mwanga. Vuta shavu taratibu kwa kidole, angalia fizi pembeni ya kila moja ya yale magego matatu uliyoyataja. Unatafuta kipele, hata kidogo kama mbegu ya ufuta, chenye kichwa cheupe au kinachotoa maji ukikigusa. Ukikiona usisubiri Jumamosi. Akipata homa, uvimbe, au ashindwe kumeza au kufungua mdomo, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usipokiona, chukua daftari, andika kila usiku anaoamka: saa ngapi, ameshika upande gani, umempa dawa kiasi gani. Kama ana tatizo la moyo liandike juu kabisa, hilo nalo linabadilisha mambo.

Jumamosi, kabla mtu hajagusa sanduku la kofia, mpe lile daftari alisome mbele yako. Kisha sema, "Naomba picha kwanza, na nionyeshe kiini kiko wapi." Akikuonyesha ukanda safi na fizi ni nzima, na akakueleza kwa nini basi mtoto anaamka, mvike hata bila sindano, mimi mwenyewe nitafurahi. Akikuambia haina mambo ya picha, mshike mtoto mkono mshuke ngazi. Nauli ya kurudi kesho ni ndogo.

Uniandikie hapa picha imeonyesha nini. Nitakuwa naangalia.