Hadithi tunaijua, tuambie wewe umeona nini (kwa mnaoanza kuandika insha za fasihi na historia)

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza, hasa nyie wa fasihi na historia, kuna kitu mimi nilichelewa sana kukielewa na sitaki na nyie mchelewe. Insha yangu ya kwanza ya tahakiki ilikuwa ya Macbeth, ile tamthilia ya Shakespeare ya askari anayemuua mfalme wake ili atawale yeye, niliipenda mno, kurasa saba, nikaipitia mara tatu kabla ya kuipeleka. Iliporudi nikakuta mwalimu kapiga mstari wa penseli chini ya kila sentensi iliyokuwa inasimulia tu, wachawi wakamwambia hivi, mke akamwambia vile, mfalme akauawa usiku. Nikahesabu ambazo hazijapigwa mstari, zilikuwa tisa. Pembeni kaandika, "Tamthilia nimeisoma. Wewe umeona nini?" Iliniuma kweli, lakini ndo siku niliyoanza kujua insha ni kitu gani.

Sasa kuona ndo kufanyaje, twende na hiyohiyo Macbeth. Kuna pale anapotoka kumuua mfalme Duncan. Mauaji yenyewe jukwaani hatuyaoni, tunachoona ni muuaji anarudi na visu mkononi, visu ambavyo vilitakiwa vibaki kule kwa walinzi waliolala ili lawama iwaangukie wao. Kasahau kuviacha, na akiambiwa avirudishe anagoma, mke wake ndo anakwenda. Anayesimulia ataandika Macbeth alimuua Duncan kwa kisu halafu huyo anasonga mbele, anayehakiki anasimama hapohapo anauliza, kwanini tumefichwa mauaji tukaonyeshwa mikono? Na huyu si ndo yule askari ambaye mwanzo kabisa tumesikia anavyowachinja maadui vitani bila kutetemeka, leo imekuwaje anashindwa hata kurudi kumwangalia mtu mmoja ambaye keshakufa? Ukikaa na maswali hayo mawili jioni nzima, ukafungua tena kurasa zile ukasoma polepole, insha unayo. Mi naamini kabisa sehemu moja ndogo ukiikamua vizuri inakulipa kuliko kugusagusa matukio ishirini.

Halafu hoja. Watu wanaandika "Macbeth ni mtu mwenye tamaa" wanadhani washaweka hoja, sasa hapo nani atabisha? Jaribu "kinachommaliza Macbeth ni woga kuliko tamaa", hiyo mtu anaweza kukukatalia, na kwa sababu anaweza kukukatalia inabidi utafute ushahidi, na ukitafuta ushahidi unarudi kwenye kitabu, na ukirudi kwenye kitabu unaona vitu ambavyo mara ya kwanza ulivipita. Yaani hoja nzuri inakusomesha upya. Kama sentensi yako kuu haiwezi kumfanya mwenzako darasani aseme "aah hapana, hapo sikubaliani", bado hujaanza kuandika.

Kwenye historia ugonjwa ni uleule ila huko umevaa nguo ya tarehe. Mtu anaulizwa chanzo cha Vita vya Kwanza vya Dunia, anaandika Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungary, aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, vita ikaanza, halafu anaorodhesha sababu nne za kwenye notsi, basi. Hebu zitazame tarehe zenyewe. Austria-Hungary inatangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai, yaani mwezi mzima umepita. Ujerumani dhidi ya Urusi tarehe 1 Agosti, dhidi ya Ufaransa tarehe 3, Uingereza inaingia tarehe 4. Kwahiyo mwezi mmoja wa kimya kimya halafu ndani ya wiki moja bara zima linawaka! Huo mwezi nani alikuwa anafanya nini, nani alikuwa na nafasi ya kuzuia akaiacha, nani aliona hapa nimepata kisingizio? Tarehe ukizipanga zinakuuliza maswali, ukizikariri zinakaa kimya.

Na hapa kuna kosa ambalo linanisikitisha zaidi kwa sababu linafanywa na wanafunzi wazuri kabisa, wanaosoma kwa bidii. Wanachanganya kazi ya sanaa na kumbukumbu. Kinjeketile Ngwale, yule mganga aliyewapa watu maji wakaamini yatawakinga na risasi, alikuwepo kweli, Wajerumani walimnyonga 1905 mwanzoni mwa vita vya Majimaji vilivyokwenda mpaka 1907. Ila Kinjeketile wa Ebrahim Hussein kwenye tamthilia ya 1969 ni mtu wa kubuni, na mwandishi mwenyewe alilisema hilo waziwazi. Sasa mtu anachukua maneno ya yule wa jukwaani, pale mwishoni anapokataa kutamka kwamba maji ni uongo, anayaweka kwenye insha ya historia kama ushahidi wa 1905. Hapana. Ni ushahidi mzuri sana, lakini wa jinsi mtu wa miaka ya 60 alivyokuwa anaifikiria ile vita baada ya uhuru. Kila ukishika chanzo uliza nani kaandika, lini, na alikuwa anamwandikia nani.

Macbeth naye vilevile. Wa kweli alitawala Scotland kuanzia 1040 mpaka 1057, miaka 17 si haba, na Duncan alikufa vitani, hakuuawa usingizini. Kwenye kitabu cha historia ambacho Shakespeare alikitumia, Banquo, askari mwenzake Macbeth, yumo kwenye njama ya kumuua Duncan, kwenye tamthilia katolewa, kawa msafi. Kwanini? Kuna mfalme James, Mskoti aliyepata kiti cha Uingereza 1603, ndo aliyekuwa anatawala Shakespeare akiiandika, na ilikuwa inaaminika kwamba ukoo wake umetoka kwa Banquo. Nilipoliunganisha hilo, mwaka wa pili, niliweka kalamu chini nikakaa tu. Kumbe pale ambapo sanaa inapishana na historia ndo penye utamu wote, ndo pa kuchimba.

Nukuu, chukua fupi, na ukishainukuu kaa nayo, eleza hilo neno limechaguliwa kwanini, usiitupe katikati ya aya ukakimbia. Utangulizi uandike mwisho ukishajua umesema nini. Na tafadhali soma kitabu chenyewe, mihtasari ya intaneti na hizi programu za AI zinaweza kukusaidia kuelewa njia ila nishakutana na insha yenye nukuu nzuri, imewekewa mpaka namba ya ukurasa, ukienda kwenye kitabu haimo kabisa. Mwanafunzi hakujua, kapewa kaamini, na ameadhibiwa yeye.

Kabla ya kukusanya chukua penseli, jipigie mwenyewe mistari kama nilivyopigiwa mimi, kila palipo na usimulizi mtupu. Ukikuta aya nzima imepigwa mstari usiifute, isogeze chini ya swali, jiulize hii nimeileta hapa inithibitishie nini, halafu jibu lako liandike hapohapo. Kama muda umekubana na dedlaini ni kesho asubuhi, chagua aya moja tu uifanyie hivyo, ile ya katikati, maana hapo ndipo wengi wetu huwa tumechoka na tunaanza kusimulia.