Jaketi la upepo la kukimbilia alfajiri Iten

Kaka, umeuliza jaketi gani jepesi la kuzuia upepo ununue kwa mazoezi ya alfajiri Iten, Kenya, maana lile la mvua linakulowesha jasho. Achana nalo kabisa. La mvua lina utando wa kuzuia maji, na mvuke wa mwili nao hupenya kwa shida. Ukipanda kilima kimoja tu, mikono inanata.

Tafuta nailoni nyembamba isiyo na utando, gramu 100 hadi 150 hivi, inayokunjika ikaenea kiganjani. Ukiwa dukani au kwenye mitumba, fanya hivi: bana kitambaa mdomoni, weka kiganja upande wa pili, puliza kwa nguvu. Pumzi isipopita hata kidogo, rudisha. Ikipita kidogo tu, unaisikia kiganjani kwa mbali, hilo ndilo. Ikipita yote, upepo unaopanda kutoka bonde la Kerio utakupiga kifuani vilevile.

Zipu iwe ya mbele nzima, ufungue ukipata joto. Mikono iwe na lastiki ili uipandishe hadi kwenye kiwiko. Kofia mimi siitaki, inapigapiga shingoni.

Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baridi ya saa kumi na mbili ni ya kweli, ila jua likichomoza utalivua na kulifunga kiunoni. Mvua ikinyesha utaloa. Siku ya kupanda mlima, beba na lile la mvua kwenye begi.