Unga sakafuni, na panya hayumo

Mwaka juzi nilinunua magunia manne ya mahindi sokoni Kibaigwa, Dodoma. Muuzaji alichoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea punje guniani, mbele yangu, punje zikamwagika kiganjani: nyeupe, kavu, zinang'aa. Nikalipa, nikayaleta nyumbani Nkuhungu, nikayapanga stoo. Miezi miwili baadaye nikakuta unga laini sakafuni, chini ya gunia la mwisho. Nikalaumu panya. Wiki nzima nilitega panya!

Mama mkwe alipokuja hakuutazama hata huo mtego. Alifungua gunia, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akauacha humo kidogo. "Mwanangu, humu mna joto. Panya hapashi mahindi."

Alikuwa dumuzi, mdudu wa nafaka ambaye wengi humwita Skania. Si mwenyeji wetu; asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ana milimita 3 hadi 4 hivi, kahawia iliyoiva, na kichwa amekiinamisha hata ukimtazama kwa juu hukioni. Fukusi, mdudu mwingine wa nafaka, ni rahisi kumjua kwa sababu ana mdomo mrefu kama mkonga. Ila mimi kwanza natazama unga: ukiwa mwingi, namshuku dumuzi. Makopa, yaani mihogo mikavu, nayo hayamshindi dumuzi.

Kosa langu lilikuwa kuamini macho. Jike la fukusi, kwa mfano, hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huliziba tundu. Ukiishika punje hiyo utaapa ni nzima. Kwa joto letu, yai huchukua kama wiki 5 kuwa mdudu kamili, kwa hiyo mahindi huweza kutoka sokoni yakiwa na mimba.

Siku hizi pa kuchoma bambo naonyesha mimi: juu, katikati na chini kabisa. Muuzaji akinuna, nahamia kwa jirani yake. Nyumbani nachekecha kidogo juu ya karatasi nyeupe, juani, maana joto huwatoa wadudu mafichoni. Konzi moja naitia majini; zilizoliwa ndani huelea. Pumba na punje changa huelea pia, basi zipasue kwa kisu kabla ya kugombana na mtu. Nyingine naziweka kwenye chupa ya kioo, nafunga mdomo kwa kitambaa, nasubiri hizo wiki 5. Chupa hiyo imenisaidia kuliko maneno ya wauzaji wote.

Kwenye kunde tafuta vidoa vyeupe vilivyoganda kwenye ganda: ndiyo mayai. Unga nao usawazishe kwa mgongo wa kijiko, uache kimya nusu saa. Wakiwamo, utaona njia zao juu yake. Ukikuta utando na mabonge, huyo ni nondo. Unga ukinuka vibaya na rangi yake ikabadilika, wamejaa mende wa unga.

Mahindi yangu? Magunia mawili niliyachekecha, nikayaanika, nikayahamishia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. La tatu liliokoka nusu tu. La nne lilikuwa limeshika ukungu katikati, kwa sababu wadudu wakizidi huleta joto na unyevu. Jirani akaliomba kwa ajili ya kuku wake. Nilimkatalia, akakasirika. Lakini mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, hapahapa Dodoma na kule Manyara, na mayai ya kuku wale watoto wangu huyala. Tulilichimbia shimo nyuma ya nyumba, mama mkwe akisimamia.