Kabla Hujaandika Penzi la Malaika

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ya vijana, inayosimulia malaika aliyempenda binti wa miaka 17, nilimpa mpwa wangu wa kike aisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliirudisha baada ya siku tatu, na pembeni mwa ukurasa wa 40, pale malaika anapolia kwamba penzi lao ni marufuku, alikuwa ameandika kwa penseli: "Shangazi, nani amekataza, na kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Nakushauri ulitafute jibu hilo kabla ya kuandika busu la kwanza. Mimi nililipata katika maandiko ya kale. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 6, kinawagusia tu wana wa Mungu waliojitwalia wake miongoni mwa binti za wanadamu, lakini Kitabu cha Henoko, ambacho Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hukihesabu kuwa sehemu ya Biblia, kinaeleza kwa kirefu: malaika 200 wanashuka juu ya mlima Hermoni, na kiongozi wao, akihofu kwamba wenzake watarudi nyuma na kumwachia adhabu peke yake, anawataka wote wale kiapo. Hofu hiyo moja ilinifunza mengi kuliko maelezo yote ya mabawa niliyokuwa nimeyarundika. Katika sura ya 15 sababu yenyewe inatolewa: wanadamu wamepewa wake na watoto kwa kuwa wao hufa, ilhali malaika anaishi milele, na kwa hiyo hakuandaliwa ndoa. Penzi likishafungamanishwa na mauti namna hiyo, msomaji anajua nani atapoteza nini.

Jambo lingine nalisema kwa msisitizo, kwa kuwa wanaotusoma ni vijana. Malaika wangu alikuwa akisimama dirishani usiku kumtazama binti amelala, nami nikadhani hayo ni mahaba. Mpwa wangu aliipigia mstari aya nzima na kuandika, "Mimi ningepiga yowe." Alisema kweli. Kiumbe mwenye umri wa karne nyingi anayemnyemelea msichana anatisha, hata awe na sura nzuri kiasi gani, na si haki kumzoesha msomaji wa miaka 15 kuyaita hayo upendo. Niliiandika sura hiyo upya: malaika anabisha hodi mchana, anasema yeye ni nani na adhabu gani inamngoja, na binti anamwambia arudi kesho, atakapokuwa amekwisha kufikiri.